Salamu za shukrani: familia ya marehemu mama yetu, Wete, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sisi watoto, wajukuu na vitukuu tunamshukuru Allah aliyetupa subira, na tunawashukuru nyote mliokuwa nasi tangu mama alipolazwa mpaka khitma.

Mama alikwenda Maskati, Oman, kuwajulia hali ndugu zake. Safari alizipenda: Lamu, Moroni, Makka, kote alishafika. Safari hii akaugulia huko, nasi tuko Wete, bahari katikati. Usiku wa mwisho hakuweza tena kusema. Tuliwekewa simu karibu na mdomo wake, tukasikia pumzi tu. Alfajiri akafariki. Tulitamani aletwe nyumbani, lakini masheikh walitukumbusha kwamba maiti huharakishwa. Akazikwa hukohuko, nasi tukamsalia sala ya ghaibu, yaani sala ya maiti aliye mbali.

Katika dhiki ile Mwenyezi Mungu alituletea jirani yake wa Ruwi, hukohuko Maskati, asiye na udugu nasi hata wa mbali. Alilala kwenye kiti kando ya kitanda, akamsomea Yasini, kisha akamwosha na kumkafini yeye mwenyewe pamoja na kina mama wa Kipemba walioko huko. Dada yetu, hatuna cha kukulipa. Malipo yako yako kwa Allah.

Mama alizaliwa kwenye mali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba mengi ya babake yalichukuliwa, watu wakagawiwa eka tatu tatu; hakuweka kinyongo. Mikarafuu aliyobakiwa nayo akaitia wakfu. Msimu ukifika alikaa jamvini uani na wachumaji, akichambua karafuu kwenye makonyo, yaani vikonyo vyake, mpaka vidole vikaiva rangi. Karafuu zikishauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, fedha zilikwenda kwenye ada za mayatima, visima, na sanda za wasio nacho. Wanaoutegemea wasiwe na hofu: wakfu hauuzwi wala haurithiwi, na sisi wanawe tutausimamia inshaallah.

Shukrani pia kwa madaktari na wauguzi, Wazanzibari wa Maskati, maimamu, walimu na wanafunzi wa madrasa, kina mama waliopika, vijana waliobeba maji na majamvi, ndugu wa Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na London, na wote waliotuma ubani na rambirambi.

Hatuwezi kumtaja kila mmoja. Tuliyemsahau atuwie radhi sana. Msiba ulituzidi, si kwamba hatukuona wema wake.

Anayemdai marehemu, kiwe kidogo au kikubwa, amwone kaka yetu mkubwa hapa Wete, deni hilo ni letu. Na aliyekosewa naye, kwa hisani yake amsamehe.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.