Logi imejaa BLOCK? Hujavamiwa, bosi

Juzi tena mteja kapiga simu saa nne usiku anafoka, "nimewalipa mnifungie fayawoli, mbona watu bado wanaingia?" Katuma na picha ya skrini ya logi, yaani kumbukumbu za seva, UFW BLOCK mwanzo mwisho (UFW ndo fayawoli ya seva yake). Jamani, BLOCK maana yake wamegonga wakakuta pamefungwa, ndo kazi uliyotulipa hiyo.

Seva ikishakuwa na IP ya nje itagongwa tu. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3, na tangu 2013 kuna ZMap, programu ya kuskani intaneti, ukiwa na laini ya gigabiti moja unazipitia zote kwa poti moja, yaani mlango mmoja wa huduma, chini ya saa moja, sasa nani anakulenga wewe hapo? Angalia DPT kwenye mstari wa logi, ndo poti waliyoitaka: 22 SSH ya kuingilia seva kwa mbali, 3389 rimoti ya Windows, 23 telnet, njia ya zamani ya kuingia kwa mbali, humo ndo programu hasidi ya Mirai ilipita 2016 ikazoa kamera na rauta za watu. Ukiona SPT, yaani poti ilikotokea, ni 443 ya tovuti za https, halafu DPT ni namba kubwa ya ajabu, mara nyingi hata sio skani, ni jibu la tovuti ambayo seva yako yenyewe iliiita, limechelewa na fayawoli ishaisahau hiyo safari.

Kinachotutesa ni wanaozuia IP kwa mkono. Kuna mmoja alishinda wikendi nzima anabandika IP moja moja, akachoka, akahamia kwenye /8, yaani anwani zaidi ya milioni 16 kwa mstari mmoja. Jumatatu wateja wake wanalipa, oda zinabaki "pending", kumbe kaufungia nje mfumo wa malipo. Siku nzima tunachambua sheria moja moja, halafu bili ikifika anauliza mbona ghali.

Sisi logi iliyotulia ndo inatutia wasiwasi zaidi. Seva moja ilikuwa safi kabisa, BLOCK chache, mwenyewe anajisifu, kumbe Redis yake, yaani hifadhidata, iko kwenye Docker (inayoendesha programu ndani ya kontena) na poti yake 6379 imeachwa wazi, na Docker inajiandikia sheria zake kwenye iptables, sheria za fayawoli za Linux yenyewe, UFW wala haiulizwi. Ndo maana tunaanza na ss -tlnp, amri ya kuona poti za TCP zinazosikiliza kwenye seva, kisha tunaskani kutokea nje, poti zote 65,535, na ndiyo, huo muda tunauchaji.

BLOCK hata ziwe elfu kumi, tuandikie asubuhi. Ila ukikuta "Accepted password", yaani nywila imekubaliwa na mtu kaingia, kwenye auth.log (logi ya wanaoingia) kwa IP usiyoijua, piga hata saa nane usiku, na usiizime seva kabla hatujaiona.