Wauza dawa wanyang'anywe mikasi

Mhariri,

Miaka kumi na moja sijakuandikia, tangu ile barua yangu ya nauli za mashua. Ripoti yenu ya juzi kuhusu usugu wa dawa imenitoa kimyani.

Mliandika kwamba mwili wa mgonjwa "ukizoea" antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria, dawa haifui dafu tena. Nimefundisha bayolojia miaka 28, na hili nimelifuta ubaoni mara zisizo idadi. Mwili hauzoei antibayotiki. Wenye usugu ni bakteria. Dawa inaua wanyonge, wanabaki wachache wenye kinga, na hao ndio wanaozaana. Wako wanaogawanyika kila dakika 20 wakipata chakula: mmoja wa adhuhuri, ifikapo magharibi ukoo wake umepita laki mbili.

Kisha mkatutupia lawama watu wa Pwani, eti hatumalizi dozi. Dozi ipi, Mhariri? Mwaka jana nilishuka mashuani maji yamekupwa, nikakanyaga chaza pale gatini, unyayo ukachanika. Kwenye duka la dawa, kijana wa kaunta hata mguu hakuutazama. Alivuta mtoto wa meza, akatoa mkasi uliofungwa uzi, akashika pakiti ya kapsuli, akaniuliza, "Mwalimu, nikukatie za ngapi?" Utadhani nimekwenda kununua kitambaa cha kanzu! Nikasema za hamsini, maana pensheni ilikuwa haijaingia, na hilo aibu yangu. Akakata sita. Jina la dawa likabaki kwenye kipande chake, na tarehe ya kuharibika vilevile. Siku mbili maumivu yakatulia, siku ya sita mguu umefura kama boga. Nikarudi, nikakatiwa za rangi nyingine. Nikarudi tena. Mwisho nikapelekwa hospitali nimeshikwa huku na huku, wakachukua usaha, wakaotesha bakteria wake maabara wawajaribu kwa dawa, na majibu yalipotoka dawa tatu zilikuwa zimeandikwa "sugu". Penisilini, mojawapo ya antibayotiki hizo, kazi yake ni kuvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria mpaka apasuke. Huyu wangu alikuwa na kimeng'enya cha kuikata kabla haijamfikia. Kumbe naye ana mkasi wake! Nilichomwa sindano asubuhi na jioni siku saba, na gharama yake ingenunua pakiti nzima za mtaa mzima.

Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alilionya hili mwaka 1945 alipopewa Nobel: siku itakuja mtu atajinunulia dukani, ajipe dozi pungufu, awafunze vijidudu kuhimili dawa. Kijana wa mkasi hajazaliwa bado.

Na mafua je? Kirusi cha mafua hakina ukuta huo wa kuvurugwa, lakini nenda na kikohozi uone kama hukukatiwa. Jirani yangu huwatilia kuku wake unga wa kapsuli kwenye maji, kuku wazima, ati wasiugue. Maji hayo humwagwa mtaroni, na mitaro yetu ya vichochoroni iko wazi, inapita milangoni mwa watu, watoto wanairuka pekupeku wakienda chuoni, punda naye anaongeza lake. Tumeahidiwa mifuniko tangu wanafunzi wangu wa kwanza hawajaota ndevu. Wahusika huja, hupiga picha, hula samaki, hurudi na mashua ya saa tisa.

Pendekezo langu ni jepesi. Asiwepo mwenye duka la dawa anayeruhusiwa kumiliki mkasi. Akaguliwe mtoto wa meza, akaguliwe mfukoni, na wembe pia. Anayeuza auze dozi kamili kwa karatasi ya daktari, na asiye na pesa za dozi nzima aelekezwe hospitali ya serikali, asikatiwe. Mikasi itakayokusanywa wapewe mafundi cherehani wa hapa Langoni, wao wana kazi nayo.

Nanyi mkichapisha masahihisho, msiyafiche chini ya matangazo ya vifo.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu