Shukrani kutoka familia ya mwalimu wa kemia, Sengerema

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Sisi watoto wa marehemu tumekaa hapa tangu jana tunaandika tunafuta, maana mmetubeba jamani.

Usiku ule baba alipobanwa kifua tulishakata tamaa. Wa enzi za kivuko mnaelewa, unafika Busisi na mgonjwa unaambiwa subiri, umekaa unamwangalia mtu wako anavyohema na ziwa liko mbele yako. Safari hii tukapita juu, kilomita 3 hizo dakika chache tu tuko Kigongo, katikati pale baba akafungua macho akauliza tuko wapi, tukamwambia darajani, daraja la Magufuli. Akasema taratibu, "la mkemia mwenzangu." Baada ya hapo hatukumsikia tena vizuri. Siku 4 za hospitali Mwanza tuziache tu, ya tano alfajiri Mungu akamchukua, tukamrudisha kwa daraja lilelile.

Waliopita mikononi mwake wanazijua hizi stori. Kwamba Magufuli alishika chaki hapahapa Sengerema Sekondari miaka ya themanini mwanzoni, kemia na hesabu, akaenda kuwa mkemia chama cha ushirika cha Nyanza, 1995 akaingia bungeni, na 2009 akiwa waziri tayari akamaliza PhD yake Chuo Kikuu cha Dar, utafiti wa mafuta ya maganda ya korosho kukinga chuma kisishike kutu. Hiyo ya kutu baba aliipenda kuliko hata urais wenyewe wa 2015. Siasa zake tulibishana naye mpaka mama anatoa vyombo mezani, ila lile jiwe la msingi la Desemba 2019 alilihesabia miaka, na daraja lilipofunguliwa Juni 2025 alivaa suti akapanda basi kwenda na kurudi, Mwanza hana shida yoyote.

Kipekee kabisa yule dereva wa Noah, mwanafunzi wake wa zamani, tulimgongea saa nane usiku akatoka na kandambili, hela ya mafuta mpaka leo kaikataa. Na nesi wa zamu ya usiku aliyekuwa anamwita "mwalimu" na kumfunika shuka kama baba yake mzazi, dada Mungu akuone.

Asanteni paroko, makatekista, jumuiya, WAWATA, kwaya zote mbili, walimu wastaafu, majirani, bodaboda wa kijiweni, kina mama wa jikoni, wachimba kaburi, waliotuma rambirambi kwa simu, wajomba, shemeji zetu, wote.

Tusiowataja mtusamehe sana sana, siyo dharau, daftari la rambirambi lenyewe lililoa mvua siku ya mazishi na majina mengine hayasomeki, na kuna watu tuliwashika mkono tukilia hata sura hatukuona. Kama ulikuja, jua tunakudai msamaha na tunakushukuru.

Misa ya arobaini tutatangaza kanisani. Na kuna masufuria mawili makubwa na turubai la bluu bado yapo hapa nyumbani, mwenyewe apite achukue.