Siku 30 zinawaponyoka wafanyakazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wafanyakazi wa madukani, hotelini na viwandani ambao kibarua kikiota nyasi hurudi nyumbani wakasubiri kuitwa. Bosi humwambia mtu, "Pumzika kwanza, tutakupigia." Simu haipigwi, na muda wa kudai haki unayoyoma.

Hapa Tanzania Bara, lalamiko la kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama mshahara usiolipwa, ni siku 60. Ukichelewa, lazima kwanza uombe kuongezewa muda kwa sababu za msingi, na hapo wengi hukwama.

Linaloniuma zaidi ni hili la mkataba. Jirani yangu, muuza duka wa miaka mingi, alikata tamaa kwa kuwa hakuwahi kupewa karatasi yoyote. Kumbe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ndiye atoe maelezo ya kazi kwa maandishi, na ndiye athibitishe kuwa alimwachisha mtu kwa haki. Hata aliyefukuzwa kwa kosa anastahili hati ya utumishi.

Ndugu zangu, msitie saini barua ya "kuacha kazi kwa hiari" mliyoandikiwa na ofisi. Na CMA nawaomba watangaze siku hizi 30 redioni, stendi na masokoni.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam