Mtoto asiaibishwe kwa nepi wala kwa poti

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mlezi katika kituo cha kulelea watoto mchana, kazi niliyoifanya kwa miaka mingi, na kila muhula mpya unapokaribia nakutana na jambo lilelile. Mzazi anakuja na mtoto ambaye hajafikisha hata miaka miwili na nusu, amemshika mkono, anasema mbele yake: "Dada, nisaidie na huyu. Shule imesema haimpokei mpaka aache nepi, na mimi nimeshamchapa mpaka nimechoka, wapi!" Mtoto anasikia kila neno, macho chini.

Nasema bila kuzungusha: mtoto asichapwe, asizomewe wala asichekwe kwa sababu ya mkojo na choo chake. Na heshima hiyo haianzi siku poti inaponunuliwa. Inaanza na nepi ya kwanza kabisa, ndiyo maana barua yangu itapita kwanza kwenye beseni la kufulia.

Nazipenda nepi za kitambaa na huwa nawashauri wazazi wapya wazijaribu. Watu hudhani nazitetea kwa sababu ya kubana matumizi tu. Hilo nalo lipo, lakini sababu yangu ya kwanza ni kwamba kitambaa cheupe hakifichi kitu. Mtoto mchanga anayenyonya vizuri, kuanzia siku ya 5 hivi, hulowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24. Kwa kitambaa, mama anazihesabu kwenye ndoo. Pampasi ina chembechembe za kemikali iitwayo sodiamu poliakrileti, zinazofyonza mkojo na kuugeuza kuwa ute mzito, kwa hiyo juu pakavu na mama mgeni wa kazi hajui kama mtoto amekojoa mara moja au mara tatu. Rangi nayo inaonekana kwenye kitambaa. Mkojo wa mtoto mchanga unapaswa kuwa hauna rangi, karibu kama maji. Ukiacha doa la njano iliyokolea, au choo kikitoka cheupe au cha kijivu, mzazi asingoje wiki ijayo wala asibadilishe tu maziwa. Ampeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa maana hizo zinaweza kuwa dalili za ugonjwa wa ini, na baadhi ya magonjwa hayo hutibika vizuri zaidi yakigunduliwa katika wiki za mwanzo. Vidoa vya rangi ya matofali katika siku mbili tatu za kwanza ni vya kawaida. Vikiendelea kuonekana baada ya hapo, huenda mtoto hapati maziwa ya kutosha, na mama anahitaji mtu wa kumsaidia kunyonyesha, si wa kumlaumu.

Kuvalisha kwenyewe hakuna ugumu. Kunja nepi mbele ishuke chini ya kitovu mpaka kitovu kikauke na kudondoka, kisipigwe na mkojo. Miguu ya mtoto ibaki imekunjika na kupanuka kama anavyoilaza mwenyewe. Kuinyoosha na kuifunga pamoja kwa nguvu kunaweza kuharibu nyonga ambazo bado zinajijenga. Anayetumia pini, aweke vidole vyake kati ya kitambaa na ngozi ya mtoto kila anapochoma, bila kuruka hata mara moja. Bora pini ikuchome wewe.

Kwenye kufua ndiko watu wanakokata tamaa, na mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyewaelekeza. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo anayefua kila baada ya siku mbili awe na vitambaa vipatavyo 24. Vikiwa 10 utazichukia nepi ndani ya wiki, kwa sababu utafua usiku na kuvalisha vibichi. Kitambaa kipya cha pamba kifuliwe mara kadhaa kabla ya kuvaliwa, kwani pamba mpya bado ina mafuta yake ya asili na hainyonyi vizuri.

Kinyesi kiende chooni kwanza, hata kama ni cha mtoto wa miezi miwili. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaoamini kwamba choo cha mtoto mchanga hakina madhara, wakakimwaga nyuma ya nyumba au kwenye mtaro. Kina vijidudu vya kuharisha kama cha mtu mzima, na kuharisha ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi walio chini ya miaka 5 duniani. Baada ya hapo suuza kwa maji baridi, maana maji ya moto yakitangulia hufanya doa lishike. Kisha fua kwa sabuni na maji ya moto, nyuzijoto 60 kwa anayetumia mashine, hasa mtoto akiwa anaharisha au ana fangasi. Suuza mpaka povu liishe kabisa. Halafu jua. Jua linakausha, linapunguza vijidudu na linafifisha madoa ambayo sabuni imeyashindwa.

Acha dawa ya kulainishia nguo. Inanukia vizuri, lakini inapaka nyuzi za kitambaa utando unaozuia maji, nepi inaanza kuvuja, na mama anasema kitambaa ni kibaya. Mafuta ya mgando na krimu nzito za upele hufanya vivyo hivyo zikigusa nepi moja kwa moja, kwa hiyo weka kitambaa chembamba katikati. Nepi ikitoa harufu kali ya amonia asubuhi, aghalabu mkojo au sabuni ya nyuma haikutoka yote. Hiyo ni kazi ya kusuuza zaidi, wala si kuongeza sabuni.

Na ndoo! Ndoo ya kulowekea iwe na mfuniko unaokaza au iwekwe mahali ambapo mtoto hafiki. Mtoto anayejifunza kusimama anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache tu, kichwa kikitangulia, na hatapiga kelele. Mimi nawashauri wazazi wasiloweke kabisa. Nepi ikishasuuzwa na kukamuliwa ikae ndani ya ndoo isiyo na maji ikingoja kufuliwa.

Nijibu na lawama inayoelekezwa kwenye kitambaa kila mara, kwamba kinaleta upele. Kitambaa hakina ile kemikali ya kufyonza, kwa hiyo kinataka kubadilishwa kila baada ya saa 2 au 3, na papo hapo mtoto akijisaidia haja kubwa. Ngozi ikikaa kwenye unyevu, mkojo ukachanganyika na kinyesi, inababuka, na itababuka hata ndani ya pampasi iliyovaliwa kutwa. Wekundu ukiwa mkali, umeingia kwenye mikunjo na una vipele vidogo vimetapakaa pembeni, huo mara nyingi ni fangasi na unahitaji dawa yake. Poda haiutibu, na vumbi lake si zuri kwa mapafu ya mtoto.

Mazingira nitayagusa kidogo tu, kwani wengine wameshayasema. Ripoti ya serikali ya Uingereza ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba faida ya kitambaa inategemea mfuaji: anayefua mzigo uliojaa, akaanika kwenye kamba badala ya kukausha kwa mashine, na akamvalisha mtoto wa pili nepi zilezile, ndiye anayepunguza madhara kweli.

Sasa nirudi kwa yule mtoto aliyeinamisha macho.

Tangu mchanga, mtoto anausoma uso wa anayembadilisha. Nimewaona watu wazima wakifungua nepi na kukunja pua, "Uuu, mchafu huyu! Unanuka!" Wanasema kwa mapenzi, sikatai. Lakini akifika umri wa miezi 18 hivi mtoto anaanza kuelewa kwamba kilichomtoka ni chake, na mtu anayempenda anakichukia. Sisi kituoni tunasema tu kilichotokea: "Umekojoa. Sasa nakufuta. Sasa unavaa kavu." Tunasema hivyo kila mara, kwa sauti ileile. Mtoto wa kitambaa anao msaada zaidi hapo, kwa kuwa anausikia unyevu mwenyewe. Siku moja anakuja kuvuta gauni langu kabla sijamwendea, na hapo najua safari imeanza.

Dalili nyingine zinajulikana. Anakaa mkavu kwa saa mbili au zaidi mchana. Anaweza kwenda, kukaa na kusimama mwenyewe, anashusha suruali, anafuata maagizo mafupi, anajificha akitaka kujisaidia. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha matokeo ya watoto 1,170 ambao wazazi wao waliongozwa kusubiri dalili hizo bila kulazimisha. Kwa wastani watoto hao walimudu mchana wakiwa na miezi 28 na nusu. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2003, uliona kwamba kwa watoto wengi hakuna faida kubwa ya kuanza mazoezi makali kabla ya miezi 27, maana wanaoanza mapema huchukua muda mrefu zaidi kumaliza. Kwa hiyo shule inayomtaka mtoto wa miaka miwili awe ameacha nepi kabisa inaidai nyumba kitu ambacho miili ya watoto wengi wa umri huo haijaweza kukitoa.

Anapokuwa tayari, mambo yenyewe ni machache. Poti iwe fupi, nyayo zikanyage chini. Akitumia choo cha watu wazima awekewe kigoda, kwani miguu ikining'inia misuli ya chini hailegei. Akalishwe baada ya kula, wakati tumbo lenyewe linasukuma, dakika chache tu, na akitaka kuondoka aondoke. Wasichana wafutwe kutoka mbele kwenda nyuma. Mikono ioshwe kwa sabuni, ya mtoto na yako. Akikosea, mbadilishe kwa maneno yaleyale ya siku zote. Kama amepata mdogo wake, mmehama nyumba au anaumwa, ahirisheni bila wasiwasi.

Kuna mtoto mmoja wa kiume aliyeletwa kwetu akiitwa mkaidi. Kila adhuhuri alikuwa anaenda nyuma ya mlango, anasimama kwa ncha za vidole, anabana mapaja, uso unaiva, jasho kwenye midomo. Nyumbani waliona anasukuma na kisha anakataa kukaa kwenye poti kwa makusudi, wakamchapa. Yule mtoto hakuwa anasukuma. Alikuwa anazuia. Alishapata choo kigumu kilichomuumiza, akaogopa, akazuia, choo kikazidi kukauka ndani, kikauma zaidi. Ikifika hapo, choo chepesi huanza kupenya pembeni ya kile kigumu na kuchafua chupi bila mtoto kujua, naye anaadhibiwa kwa kitu ambacho hakukihisi kikitoka. Nilimwambia mama yake, "Mama, hii si tabia, ni maumivu." Alipelekwa kwa daktari, akapewa dawa ya kulainisha choo, wakamrudishia nepi, poti ikasahauliwa kwa muda. Hali ikabadilika taratibu, na dawa iliendelea kwa miezi. Wazazi wengi huikatiza mara choo kinapolainika, utumbo ukiwa bado haujarudi katika hali yake, na tatizo linaanza upya.

Usiku nao una kalenda yake. Kukauka usiku hakufundishwi kwa fimbo, kunasubiri mwili ukomae, na mara nyingi hufuata nasaba: mzazi aliyechelewa huzaa mtoto anayechelewa. Katika kila watoto 100 wenye miaka 5, wapatao 15 bado hukojoa kitandani. Kumwita kikojozi mbele ya wenzake, au kumtandikia mkeka peke yake ili aone aibu, hakutaharakisha kitu. Mtandikie plastiki chini ya shuka, mpeleke chooni kabla ya kulala, na asubuhi mbadilishie shuka bila hotuba. Aliyekuwa mkavu kwa miezi kisha akaanza tena ghafla, au anayeumia akikojoa, au anayekunywa maji mengi kupita kawaida, huyo aonwe na daktari upesi.

Ombi langu kwa wakuu wa shule za awali ni moja: lifuteni lile sharti la nepi kwenye fomu za kujiunga, na mahali pake muulize mtoto amefikia wapi na anatumia maneno gani akitaka kwenda chooni. Wekeni poti fupi, nguo za akiba na mtu mzima mmoja ambaye kazi hiyo haimkirihi. Wauguzi wa kliniki nao, mtoto akiwa kwenye mizani na mama ameshafungua nepi, watumie dakika mbili kumwonyesha mama, na baba kama amekuja, namna ya kuikunja na namna ya kuisuuza. Mambo ya kunyonyesha na chanjo wanayaeleza vizuri sana. La nepi wanaliacha, mzazi anarudi nalo nyumbani akiwa hajui pa kuanzia.

Mlezi wa watoto wadogo