Kabla ya kukopa kwa ajili ya kamera mpya, tazama lenzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na vijana wanaopiga picha za harusi, na kamati zinazowalipa zikipenda zisikilize. Picha za ukumbini zikitoka na chenga, yaani vijidoa vidogo vidogo, au bibi harusi akionekana ametikisika kila anapopiga hatua, lawama zote hutupiwa kamera. Kijana anauza aliyonayo, anakopa, ananunua bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, kisha anaifunga lenzi ile ile iliyokuja ndani ya boksi. Jumamosi inayofuata chenga ziko pale pale.

Jibu limeandikwa mbele ya lenzi yenyewe. Soma maandishi ya kwenye pete inayozunguka kioo: 18-55mm 1:3.5-5.6. Tarakimu hiyo ya mwisho inakwambia kwamba ukivuta hadi 55, tundu kubwa kabisa la kupitisha mwanga utakalopata ni f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Gawa 55 kwa 5.6 na utaona upenyo haufiki hata milimita 10. Lenzi ya 24-70 yenye f/2.8 mwanzo hadi mwisho, ikivutwa hadi 70, ina upenyo wa milimita 25. Kutoka f/5.6 kwenda f/2.8 mwanga unaoingia ni mara nne. Pale ulipolazimika kupiga kwa shata ya 1/50 (muda wa mwanga kuingia, kwa sehemu ya sekunde) na ISO 6400 (wepesi wa kamera kunasa mwanga; ikipanda, chenga huongezeka), sasa unapiga 1/200 kwa ISO ile ile na mwendo unakamatwa. Maharusi wakiwa wameketi, bakia 1/50 na ushushe ISO hadi 1600. Flashi uliyoielekeza darini nayo inahitaji robo tu ya nguvu ya awali, kwa hiyo betri hazikati roho kabla ya keki.

Jihadhari na pete iliyoandikwa 1:2.8-4. Hiyo huanza na 2.8 na kubana kadiri unavyovuta, ingawa muuzaji ataitaja “tu pointi eiti” bila kupepesa macho. Na namba inayofuata alama ya duara lenye mkwaju, 77 au 82, ni kipimo cha filta tu, haihusiani na umbali wa kuvuta. Wapo waliouziwa kwa maelezo hayo.

Ununue ipi? Inategemea sensa, yaani kile kibamba cha ndani ya kamera kinachonasa picha, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Wenye kamera za sensa ndogo, kama Canon 700D au Nikon D5300, hukimbilia 24-70 kwa sababu ndiyo inayosifiwa. Kwenye sensa ya Canon ya aina hiyo zidisha kwa 1.6, na 24 yako inaona kama 38. Ukiingia chumba anachopambwa bibi harusi, pamoja na wasimamizi na masanduku, mgongo utagonga ukuta na bado nusu ya watu wako nje ya fremu. Kwa kamera hizo lenzi sahihi ni Sigma 17-50mm f/2.8, yenye gramu 565, au Canon EF-S 17-55mm f/2.8 iliyotoka mwaka 2006 na bado inafanya kazi vizuri. Zote mbili zina kitulizi cha mtikisiko. Fahamu tu kwamba ile ya EF-S haiingii kabisa kwenye Canon 6D au 5D ukihamia huko, na ile ya Sigma itaingia lakini pembe za picha zitakuwa nyeusi.

Kwa wenye fulu fremu, yaani kamera za sensa kubwa kama hizo 6D na 5D, Canon EF 24-70mm f/2.8L toleo la pili, ya mwaka 2012, ni kali kuliko ile ya 2002 na nyepesi zaidi, gramu 805 dhidi ya 950. Haina kitulizi, kwa hiyo ukivuta hadi 70 usishuke chini ya 1/100. Tamron 24-70 G2 ya 2017 inacho. Lakini kitulizi hutuliza mkono wako, hakimtulizi anayecheza. Wakati wa kumtunza bibi harusi 1/250 ndiyo ya kuanzia, kitulizi kiwepo kisiwepo. Kwa Sony, kabla ya kuumia na bei ya 24-70 ya GM, daraja la juu la lenzi za Sony, itazame Tamron 28-75 G2, gramu 540 tu na filta ya 67. Unachokosa ni upana: 24 huona nyuzi 84 kutoka kona hadi kona, 28 huona 75. Kanisani hutaumia. Kwenye chumba cha kujiandalia utaumia kidogo. Kwa kazi ya saa kumi na mbili, ningemchagulia mtu wepesi.

Wenye Nikon wana mtego wao. Kamera za D3000 na D5000 na ndugu zao hazina mota ya fokasi (ya kulenga ukali wa picha) ndani ya bodi, kwa hiyo lenzi ya zamani ya AF 35-70mm f/2.8, inayoonekana rahisi mno kwa bei, itabidi uizungushe kwa mkono huku mshenga akikusubiri. Isitoshe, hiyo 35-70 inajulikana kwa kuota ukungu kwenye kioo cha nyuma. Tafuta iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake yenyewe. Na mwenye D90 asinunue 24-70 yenye herufi E ya mwaka 2015, maana kamera hiyo haiwezi kuliongoza tundu lake.

Nyingi ya lenzi hizi kwetu hupatikana mtumba, na mtumba hupimwa kabla ya pesa kutoka mfukoni. Nenda na tochi ya simu, kamera yako, na gazeti. Mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili: vumbi kidogo si neno, lakini nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na mwanga ukisambaa kama maziwa, kioo kimeingia ukungu. Acha. Kisha piga picha kwa f/8 lenzi ikiwa imefupishwa, halafu tena ikiwa imevutwa yote. Waya mwembamba wa tundu hukatika kwa sababu ya kuvutavuta, na ukikatika lenzi hupiga vizuri kwa f/2.8 na kugoma tundu likianza kubana. Kwenye Canon utaona Err 01. Muuzaji anayejua hilo atakuonyesha picha za f/2.8 tu.

Sasa gazeti. Bandika kurasa tano ukutani, moja katikati na nne kwenye pembe za fremu, kivulini nje ya duka. Simama sambamba na ukuta, weka f/2.8 na shata isiyopungua 1/200, fokasi katikati, piga ukiwa 24, 50 na 70. Kuza picha usome maandishi madogo. Pembe zote nne zikilegea kidogo kwa usawa, hiyo ni kawaida ya zumu, yaani lenzi ya kuvuta. Pembe moja ikiwa uji na nyingine tatu zinasomeka, kioo kimoja ndani kimehama, na mara nyingi lenzi hiyo imewahi kuanguka. Halafu laza ukurasa mmoja mezani, upige kwa pembe ya nyuzi 45 ukilenga mstari mmoja wa kichwa cha habari. Ikiwa mstari wa mbele au wa nyuma yake ndio mkali, fokasi imepotoka. Kamera kubwa za DSLR, zenye kioo cha kuakisi ndani, zina mahali pa kuirekebisha kwenye menyu. 700D na D5300 hazina, kwa hiyo omba lenzi nyingine. Wa kamera zisizo na kioo hicho cha kuakisi hawana shida hii, kwani fokasi husomwa kwenye sensa yenyewe.

Ukishainunua, usikae f/2.8 kila saa kwa kuwa umeilipia. Ukiwa 70 kwa f/2.8, mita moja na nusu kutoka usoni, sehemu iliyo kali haizidi sentimita nane: jicho la mbele lipo, sikio la mbali halipo. Maharusi wawili ambao vichwa haviko sambamba wapige kwa f/4, familia ya safu mbili kwa f/5.6. Picha ya familia rudi nyuma upige kwa 35 au zaidi. Kwa 24 walio kwenye kingo huvutwa upande, na shangazi aliyesimama mwisho wa safu akinenepa pichani hatalaumu lenzi. Mistari ya giza ikikatiza picha chini ya taa za LED, jaribu shata ya 1/100 au 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Kwa taa nyingi inatosha.

Kwa wa pwani, mkoba wa ngozi kabatini ni shamba la kuvu. Tumia boksi la plastiki linalofunga vizuri, lenye vifuko vya silika jeli na kipimo kidogo cha unyevu, unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 50. Na mkitoka saluni yenye kiyoyozi kwenda kupiga picha ufukweni, iache lenzi ndani ya mkoba uliofungwa kama nusu saa ipate joto taratibu. Ukiitoa mara moja, kioo kitajaa mvuke, na ukikifuta kitajaa tena.

Mpigapicha wa harusi,
Tanga