Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: watoto wetu wanafundishwa Afrika ambayo haipo tena

Mheshimiwa Afisa Elimu,

Salaam. Natumaini u mzima na majukumu yanaendelea vizuri.

YAH: RAMANI YA AFRIKA KATIKA SHULE YETU YA KATA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi, mkazi wa Moshi, na kazi yangu ni kuongoza wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua ya kamati ya wazazi, ya kuomba kibali cha kuchanga fedha za ramani, iko ofisini kwako tangu mwaka jana, na kila tukija kuulizia tunajibiwa kwamba inashughulikiwa. Ningeweza kuendelea kusubiri. Lakini wiki iliyopita binti yangu wa kidato cha pili alirudi nyumbani na karatasi ya mtihani wa Jiografia, na tangu nilipoisoma sijatulia.

Swali la kwanza lilikuwa na ramani ya Afrika. Mheshimiwa, ramani ile ilikuwa kopi ya kopi, imetoka nyeusi tii. Herufi zilizotakiwa kuonyesha mito na maziwa hazikuonekana. Sahara na Bonde la Kongo vilikuwa doa moja. Watoto waliponyoosha mikono, msimamizi aliwaambia wajibu kwa kukumbuka ramani waliyoonyeshwa darasani. Naye angefanya nini?

Basi binti yangu akakumbuka. Swali lililofuata lilitaka nchi za Afrika zisizo na bahari. Akaandika Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi, Zambia na nyingine nyingi, akapata vema. Ethiopia hakuiandika. Sudan Kusini hakuiandika. Kwenye swali la nchi zinazopakana na Tanzania, upande wa magharibi akaandika Zaire, akapigwa mkasi mwekundu. Nilipomuuliza, alinijibu kwa uchungu kwamba ndivyo ramani ya shule inavyosema.

Nikaenda shuleni kuiona. Ni ramani moja, inatunzwa ofisi ya walimu, imechanika kuanzia Angola kushuka chini, na inatolewa kwa zamu kutoka darasa hadi darasa. Ndani yake Eritrea haipo, kwa hiyo Ethiopia inafika hadi Bahari ya Shamu. Eritrea ilipata uhuru mwaka 1993. Kongo inaitwa Zaire, jina lililoachwa mwaka 1997. Sudan ni nchi moja kubwa, wakati Sudan Kusini ina bendera yake tangu 2011. Mtoto wangu alijibu sawasawa kabisa na alichofundishiwa, na akakosa. Kosa hilo ni la nani?

Mwalimu simlaumu, na ninaomba barua hii isimletee matatizo. Ni kijana anayejituma. Ramani hiyo huenda imemzidi umri. Kila kipindi anaichora Afrika ubaoni kwa chaki, mpaka amalize pwani zote na Madagaska nusu ya kipindi imekwisha, na kengele ikilia mwalimu wa Hesabu anaingia na kufuta. Kesho yake anaanza upya. Huo ndio muda ambao angetumia kuwaeleza watoto kwa nini miji mikubwa ya Misri imejipanga kando ya Mto Nile, au kwa nini Kongo ina mvua na Namibia ina jangwa.

Mheshimiwa, kwenye kikao cha wazazi ulisimama mbele yetu na kusema kwamba ramani mpya za ukutani na atlasi zitagawiwa shuleni kabla ya likizo ya Juni. Tulikupigia makofi. Likizo ya Juni ikaja ikapita, ya Desemba nayo ikapita. Tulipoona kimya, wazazi tukakubaliana kuchanga wenyewe. Hatukutaka makubwa, tulitaka ramani moja kwa kila darasa. Tukaambiwa kuchangisha bila kibali ni kosa, na kibali kinatoka kwako. Tukaandika barua kwa heshima zote. Ndiyo hiyo ninayokuulizia.

Sijui kinachokwamisha ni nini, ila nina mawazo yangu. Nadhani fedha nyingi siku hizi zinaelekezwa maabara, kwa kuwa wimbo ni sayansi, sayansi, na Jiografia inaonekana ni somo la kukariri tu. Huenda pia kuna mtu aliyeandika kwenye taarifa kwamba shule yetu ina ramani, kwa kuwa kweli ramani ipo, na aliyeisoma hakuuliza ni ramani ya mwaka gani. Kama sivyo, utuambie sababu yenyewe. Kukaa kimya ndiko kunakotuumiza.

Na kama kuna mtu anayeamini Jiografia ni ya kukariri, naomba aje apande mlima na mimi. Anayeanzia Machame au Umbwe, upande wa kusini, anapita kwenye migomba na kahawa ya vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, kisha anazama kwenye msitu unaochuruzika maji. Anayeanzia Rongai, upande wa kaskazini, anaanzia kwenye ukavu na vumbi. Mlima ni ule ule. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zinagonga upande wetu, zinapanda, zinapoa, zinamwaga mvua, na upande wa pili zinafika zikiwa zimekauka. Ndiyo maana mababu zetu walichimba mifongo, yaani mifereji, kuteremsha maji hadi mashambani, ndiyo maana watu tumesongamana kwenye miteremko ya kusini, na ndiyo maana mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa huku waliweza kuunda chama kikuu cha ushirika, KNCU. Hapo kuna hali ya hewa, kilimo, watu na biashara, vyote vimeshikana. Mtoto akishalielewa hili, utamwonyesha milima mingine ya Afrika naye atakueleza mwenyewe upande gani kuna watu wengi. Lakini lazima aione milima hiyo kwenye ramani.

Watoto wa Moshi na Arusha wamezaliwa katikati ya somo lenyewe. Bonde la Ufa liko hapo, na Ziwa Manyara, Ziwa Natron na Ol Doinyo Lengai ambao bado ni volkano hai. Maji yanayotoka kwenye milima ya Meru na Kilimanjaro yanakusanyika bwawa la Nyumba ya Mungu, yanakuwa Mto Pangani, yanazalisha umeme Hale kabla ya kuingia baharini. Barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912, na mimi ninayepanda kila msimu naliona hilo kwa macho yangu. Mpaka wa Kenya umenyooka kutoka Ziwa Victoria, ukifika kwenye mlima unapinda. Mlimani tunasikia kila siku hadithi kwamba malkia wa Uingereza alimzawadia mlima mjukuu wake wa Ujerumani. Si kweli. Ni Waingereza na Wajerumani waliogawana ardhi yetu kwa mkataba wa mwaka 1886. Mtoto asiyewahi kuufuata mpaka huo kwa kidole ataibeba hadithi ya zawadi mpaka uzeeni.

Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, kilomita kama 80 kutoka hapa nilipo. Kongo iliingia mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, na sasa tuko nchi nane, kuanzia Bahari ya Hindi mpaka mdomo wa Mto Kongo kwenye Atlantiki. Kwenye ramani ya shule yetu, Kongo haipo kwa jina na Sudan Kusini haipo kabisa. Vijana wa mtaani kwetu wanasafirisha mahindi mpaka Juba. Wadogo zao walioko darasani hawawezi kuionyesha Juba iko nchi gani.

Swali lile la nchi zisizo na bahari si la kupata alama tu. Ethiopia ilipoteza pwani mwaka 1993, na leo mizigo yake mingi inategemea bandari ya Jibuti. Zambia haina bahari, na njia zake za kusini wakati ule zilipita kwenye nchi zilizotawaliwa na walowezi wa Kizungu, ndiyo sababu sisi na Wazambia tukajengewa na Wachina reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakamilika mwaka 1975. Mtoto anayeijua ramani anaelewa kwa nini malori ya Rwanda na Burundi yamejaa barabarani kwetu. Asiyeijua anaona malori tu.

Mimi nilianza kwa kubeba mizigo ya wageni nikiwa na elimu ya darasa la saba. Haya ninayokueleza nimeyaokota jioni kwenye mahema, kwa wageni waliokuwa wanaijua nchi yangu kuliko mimi, na ile aibu ya kuelezwa bara lako na mgeni huku umembebea begi lake naijua vizuri. Sitaki binti yangu aipitie. Baada ya mtihani ule nilichukua fedha ya tipu nikamnunulia atlasi. Sasa jioni watoto wa jirani wanajaa sebuleni kwangu, wanaigombania, kurasa za Afrika ya Magharibi zimeanza kuachia. Twisheni nayo nalipa, hata Aprili na Mei, miezi ya masika ambayo wageni hawapo na mimi sina hata shilingi ya kuingia. Sikatai kumlipia mwanangu. Lakini sebule yangu haiwezi kuwa darasa la kata nzima.

Mwisho wa mwaka watoto hawa wanafanya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili. Mtungaji wa mtihani hatajua kwamba wao walisomea Zaire.

Nilikuwa nimekusudia kuomba mengi: atlasi, mashine nzuri ya kudurufu mitihani, na watoto wapelekwe angalau mara moja kuliona Bonde la Ufa. Nayaacha yote. Naomba ramani. Ramani ya Afrika ya sasa, yenye nchi zote 54, mtoto wa dawati la nyuma aweze kuisoma. Kama zile ulizotuahidi zimefika, ziletwe. Kama hazijafika, naomba utie saini kibali chetu wiki hii tuzinunue wenyewe, ili muhula ukifunguliwa ziwe ukutani. Endapo barua yetu imepotea kwenye majalada, kamati italeta nakala nyingine Jumatatu asubuhi, na tutasubiri hapo hapo mapokezi mpaka isainiwe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha pili,
Moshi